Ramani ya sumaku si picha ya mawe

Ramani ya sumaku iliyopimwa kutoka angani inapendeza macho. Wekundu unapishana na buluu, mistari mirefu inakatiza kutoka kona hadi kona, na miviringo inajitokeza mahali ambapo juu ya ardhi hakuna kitu zaidi ya mchanga na vichaka. Anayeiona kwa mara ya kwanza huamini anatazama eksirei ya ardhi: pekundu pana mwamba, pa buluu hapana. Ukiisoma hivyo utachimba shimo mahali pasipo na kitu. Ramani ile haijapiga picha ya jiwe hata moja. Imechora nguvu ya sumaku hewani, kwenye kimo ilikopita ndege, baada ya kuondoa mengi yasiyotakiwa. Kutoka kwenye namba hizo hadi kuthubutu kusema kwamba chini kuna mwamba wa miaka bilioni mbili kuna hatua kadhaa, na kila hatua ina mtego wake.

Tuanze na jiwe lenyewe. Miamba mingi haina usumaku wa kutosha kumshughulisha mtu. Karibu kazi yote hufanywa na madini ya aina moja, magnetaiti, oksidi nyeusi ya chuma, na asilimia moja yake ndani ya mwamba inatosha kuufanya uonekane wazi kutoka kwenye ndege. Basalti na gabro, miamba myeusi iliyotokana na lava iliyopoa, kwa kawaida zina magnetaiti ya kutosha. Graniti hazitabiriki: nyingine zinayo, nyingine hazina kabisa, na mara nyingi mpaka kati ya graniti mbili ambazo kwa macho zinafanana unaonekana kwenye ramani ya sumaku kabla ya mwanajiolojia kuutambua kwa nyundo. Mashapo, yaani chokaa, mawe ya mchanga, udongo na chumvi, hayana usumaku wa kutajika.

Hilo la mwisho ndilo linaloipa kazi hii maana. Kilomita moja ya mashapo, kwa magnetomita, yaani kifaa cha kupimia nguvu ya sumaku, ni kama haipo. Mchanga wa jangwa, maji ya ziwa, msitu mnene, barafu, vyote hivyo kifaa kinavipita kana kwamba ni hewa, na kinachosikika ni mwamba wa kale ulio chini yake. Kuna kikomo, hata hivyo. Magnetaiti ikifika nyuzi joto 580 za Selsiasi hupoteza usumaku wake, na kwa kuwa joto hupanda kadiri unavyoshuka, kuanzia kina cha makumi kadhaa ya kilomita mwamba unakuwa bubu. Kwa hiyo tunachokisoma kiko ndani ya gamba la Dunia, wala si chini zaidi.

Sasa hesabu. Uga wa sumaku wa Dunia, yaani nguvu ya sumaku inayoizunguka, hupimwa kwa nanotesla, na una takriban nanotesla 25,000 hadi 65,000, kutegemea uko wapi. Mwamba uliofukiwa huongeza au hupunguza kiasi kidogo tu juu ya hapo: pengine makumi, pengine mia kadhaa, na kwa vitu vyembamba au vyenye magnetaiti kidogo, nanotesla chache. Wakati huohuo uga wenyewe hautulii. Jua linapowaka huamsha mikondo ya umeme kwenye tabaka za juu za hewa, na mikondo hiyo hupandisha na kushusha namba kwa makumi ya nanotesla ndani ya siku moja iliyo shwari. Ikitokea dhoruba ya sumaku kutoka kwenye Jua, mabadiliko hufika mamia, na siku hiyo ndege haipai. Yaani kitu kinachotafutwa mara nyingi ni kidogo kuliko kelele inayokizunguka.

Wazo lenyewe la kuisikiliza sumaku ya ardhi ni la zamani. Wachimbaji wa Sweden walikuwa wakitafuta chuma kwa dira tangu karne ya 17. Kilichokosekana ni kifaa chenye hisia kali kiasi cha kufanya kazi ndani ya ndege inayotikisika, na hicho kililetwa na vita. Victor Vacquier, mwanafizikia aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya kampuni ya mafuta ya Gulf nchini Marekani, alitengeneza magnetomita ambayo jeshi la majini liliifunga kwenye ndege ili kunusa nyambizi chini ya maji. Vita vikiwa bado havijaisha, mwaka 1944, idara ya jiolojia ya Marekani pamoja na jeshi hilo walikirusha kifaa juu ya Pennsylvania kupima miamba badala ya nyambizi. Tangu hapo nchi nyingi zimepimwa, nyingine zaidi ya mara moja.

Inafaa kuitazama ndege ya kazi hii kwa karibu, kwa sababu nusu ya ubora wa ramani huamuliwa hapo. Nyuma ya mkia huchomoza mlingoti wenye urefu wa mita kadhaa, na ncha yake ndiyo inayobeba kihisio, mara nyingi kinachotumia mvuke wa metali iitwayo siziamu. Umbali huo una sababu: ndege yenyewe ina sehemu za chuma, injini, nyaya na betri, na kila mojawapo ina usumaku wake. Mlingoti peke yake hautoshi. Kabla ya kazi kuanza rubani hupanda juu sana, kilomita mbili au tatu, mahali ambapo ardhi haisikiki sana, kisha anazunguka mraba. Kwenye kila upande wa mraba anaiinamisha na kuiinua pua ya ndege, anaiyumbisha mabawa kulia na kushoto, anaupeleka mkia huku na huko. Abiria wa kawaida asingependa kuwemo. Kompyuta hurekodi jinsi namba zinavyobadilika kwa kila mwendo, ikajifunza usumaku wa ndege, na baadaye inauondoa papo hapo wakati wa kupima.

Upimaji wenyewe ni kazi ya kuchosha. Ndege inaruka mita 60 hadi 100 juu ya ardhi, ikifuata mistari iliyonyooka iliyoachana kwa mita 200, 400 au zaidi, kwenda na kurudi, siku baada ya siku. Kihisio kinasoma mara 10 kwa sekunde, na kwa mwendo wa kawaida wa ndege hizo hiyo ni kama namba moja kila baada ya mita saba. Mistari huchorwa ikate mwelekeo wa miamba, isiende sambamba nayo. Kisha hupigwa mistari mingine michache ya kukatiza, ili kila inapokatana, namba mbili zilizochukuliwa kwa siku tofauti zilinganishwe. Zisipolingana, kuna kosa la kutafuta. Chini nako huachwa magnetomita nyingine isiyotembea, kazi yake ni kurekodi tu yale mabadiliko yanayoletwa na Jua, tuyaite pumzi za Jua, na rekodi yake hutolewa kwenye ile ya ndege.

Mahali nako ni lazima pajulikane. Siku hizi GPS inamaliza jambo hilo, kiasi kwamba ni rahisi kusahau shida ya zamani: kamera ilikuwa ikipiga picha za ardhi mfululizo kwenye filamu, na mtu anakaa mezani kuzilinganisha na picha za anga, mti kwa mti, njia kwa njia. Juu ya jangwa lisilo na alama au juu ya bahari, makosa ya mita mia kadhaa hayakushangaza mtu. Anayesoma ramani za miaka ya 1960 au 1970 lazima akumbuke hilo kabla ya kuamini kwamba mstari uliopinda ulipinda kweli.

Baada ya kutoa usumaku wa ndege na pumzi za Jua, hutolewa pia uga mkuu wa Dunia, kwa kutumia kielelezo cha kimataifa ambacho husasishwa kila baada ya miaka 5. Kinachobaki ndicho mchango wa miamba. Hapo ndipo rangi huwekwa, na hapo ndipo ubishi huanza.

Jambo la kwanza la kuelewa ni umbali. Usumaku hufifia haraka kadiri unavyojitenga na chanzo chake, na haufifii kwa usawa: yaliyo madogo na makali hupotea kwanza, yaliyo mapana hubaki. Ni kama kumsikia mtu akizungumza nyuma ya ukuta. Unatambua ni sauti nzito au nyembamba, lakini maneno huyapati. Mwamba ulio karibu na uso huchora kilele chembamba chenye kingo kali. Mwamba uleule ukishushwa kilomita tatu huchora kilima kipana kilicholala. Ndiyo maana upana wa kilima unaweza kutumika kukadiria kina, na hesabu nyingi za kitaalamu zinazofanywa leo na kompyuta msingi wake ni huo. Lakini mwamba mpana ulio karibu na uso nao unaweza kuchora kilima kipana. Namba hazisemi ni upi kati ya hiyo miwili.

Umbali kati ya mistari nao una lake. Kanuni ya kawaida ni kwamba usizidi mara mbili ya umbali kutoka kwenye kihisio hadi kwenye mwamba. Ukizidisha, kilichopo katikati ya mistari hukijui, na kompyuta inajaza pengo kwa kukisia. Ukuta mwembamba wa basalti unaokatiza mistari kwa mshazari hutokea kwenye ramani kama msururu wa vidoa vya duara. Wapo waliovitazama vidoa vya namna hiyo wakaota mabomba ya almasi, yaani mashina ya volkeno za kale yanayobeba almasi.

Jambo la pili ni mahali ulipo duniani, na hapa msomaji aliyezoea mifano ya vitabu vya nchi za kaskazini hupotea. Karibu na ncha za sumaku, uga wa Dunia unaelekea wima. Mwamba wenye magnetaiti hujikuta na uga wake umeungana na wa Dunia moja kwa moja juu yake, hivyo huonekana kama kilele, pekundu juu ya mwamba wenyewe. Mambo rahisi. Karibu na ikweta ya sumaku, uga wa Dunia umelala mlalo, kutoka kusini kwenda kaskazini. Mwamba uleule sasa hutoa uga unaopingana na wa Dunia pale juu yake, na kwenye ramani unakuwa shimo: buluu katikati, na wekundu hafifu ubavuni upande wa kaskazini na wa kusini. Katikati ya hizo hali mbili, kilele na shimo hukaa ubavu kwa ubavu na mwamba uko chini ya mahali fulani kati yao. Kwa hiyo swali la pekundu na buluu halina jibu moja. Rangi ileile ni mwamba kwenye latitudo moja na si mwamba kwenye nyingine.

Ipo hila kubwa zaidi. Chukua ukuta mrefu wa basalti ulioelekea kaskazini–kusini sawasawa, uuweke kwenye ikweta ya sumaku. Uga wa Dunia unaupitia kwa urefu wake. Usumaku unaotokana nao hujionyesha kwenye ncha mbili za ukuta tu, na katikati, labda kwa kilomita nyingi, hakuna kitu. Ndege inaweza kupita juu yake mara mia bila kuugundua vizuri, wakati ukuta unaofanana nao ulioelekea mashariki–magharibi unang'aa kote. Anayehesabu nyufa za kale kwa ramani ya eneo kama hilo na kutangaza kwamba karibu zote zinaelekea mashariki–magharibi huenda amepima udhaifu wa njia yake, si historia ya ardhi.

Wataalamu wana dawa, hesabu inayoibadilisha ramani iwe kama ingekuwa imepimwa kwenye ncha ya sumaku, ili kila kilele kikae juu ya mwamba wake. Kwenye latitudo za kati hufanya kazi vizuri. Karibu na ikweta hesabu hiyo inayumba: inakuza kelele ndogo na kuchora michirizi ya kaskazini–kusini ambayo haipo ardhini. Hapo wengi huiacha na kutumia njia nyingine, zinazotazama ukali wa mabadiliko ya uga badala ya nguvu yake, na ambazo hazijali sana uga unaelekea wapi. Binafsi naona ramani yoyote ya ukanda huo isiyosema imesafishwa kwa njia gani haistahili kusomwa.

Kisha kuna kumbukumbu. Hadi hapa tumeuchukulia mwamba kama kitu kinachoitikia uga wa leo. Lakini lava inapopoa chini ya zile nyuzi joto 580, magnetaiti iliyomo huhifadhi mwelekeo wa uga wa siku ile, na huweza kuushikilia kwa mamilioni au mabilioni ya miaka. Uga wa Dunia umegeuka kichwa chini miguu juu mara nyingi. Mara ya mwisho ilikuwa takriban miaka 780,000 iliyopita. Mwamba uliopoa wakati uga umegeuka hubeba usumaku unaopingana na wa leo, na ukiwa na nguvu ya kutosha huonekana shimo mahali ulipotarajia kilele. Kwenye eneo moja, kuta mbili za basalti zilizo sambamba zinaweza kutokea moja nyekundu na nyingine buluu, kwa sababu tu zilipoa katika zama tofauti.

Botswana ni mahali pazuri pa kuona yote haya yakikutana. Sehemu kubwa ya nchi imefunikwa na mchanga wa Kalahari, na mwanajiolojia wa kutembea kwa miguu anaambulia mawe machache. Ramani ya sumaku ya kaskazini mwa nchi, kinyume chake, imechorwa mistari kama ukurasa wa daftari: mamia ya kuta za basalti, zinazoitwa daiki, zote zikielekea karibu upande mmoja, kutoka magharibi-kaskazini-magharibi kwenda mashariki-kusini-mashariki. Huu ni msafara wa daiki wa Okavango. Mwingi wake uliingia ardhini takriban miaka milioni 179 iliyopita, katika mlipuko wa volkeno za Karoo, zama za lava nyingi kusini mwa Afrika, uliohusiana na kuvunjika kwa bara kuu la kale la Gondwana. Lava ya chini ilipanda kupitia nyufa, ikapoa ndani yake, kisha mmomonyoko na mchanga vikafuta dalili zote.

Wanasayansi waliposhuka kuchukua sampuli na kupima umri kwa njia ya argoni, gesi inayojilimbikiza ndani ya jiwe kadiri linavyozeeka, walikuta kwamba baadhi ya daiki si za Karoo hata kidogo. Zina umri wa karibu miaka bilioni moja. Mwelekeo ni uleule, na zimepangana na nyenzake kana kwamba ni za familia moja. Maana yake ni kwamba ardhi ya hapo ilikuwa na udhaifu wa kale, na lava ya Karoo ilifuata njia zilizokuwepo tayari. Ramani ya sumaku ilionyesha muundo kwa usahihi mkubwa, lakini muundo ule ulikuwa na zama mbili ndani yake, na hilo halikuweza kujulikana bila jiwe mkononi. Waliokuwa wakitumia mwelekeo wa daiki zile kueleza nguvu zilizoipasua Gondwana walilazimika kufikiri upya, kwa sababu nyufa hazikuchorwa na nguvu hizo.

Mfano unaojulikana zaidi uko Meksiko. Mwaka 1978 mwanajiofizikia Glen Penfield alikuwa akifanya kazi kwenye upimaji wa sumaku wa kampuni ya mafuta ya taifa, Pemex, juu ya bahari kaskazini mwa rasi ya Yucatán. Mahali palipotakiwa kuwa shwari, kwa sababu chini ni mashapo ya chokaa, aliona tao kubwa lenye ulinganifu usio wa kawaida. Akatafuta ramani ya zamani ya nguvu ya mvutano (graviti) ya upande wa nchi kavu na akakuta tao jingine, limeelekea upande wa pili. Alipoyaunganisha yakafanya duara. Pemex walikuwa wameshachimba kisima katika eneo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kukuta mwamba ulioonekana kama wa volkeno, na maelezo hayo yalikubaliwa. Penfield na Antonio Camargo walipendekeza jambo jingine: kasoko la kimondo, yaani shimo lililochimbwa na kimondo kilipogonga ardhi. Walilieleza kwenye mkutano wa wanajiofizikia mwaka 1981, na hakuna aliyeshtuka sana.

Ajabu ni kwamba mwaka mmoja kabla, timu ya Luis na Walter Alvarez ilikuwa imechapisha hoja kwamba kimondo kikubwa kiliwamaliza dinosaria, na wanasayansi walikuwa wakitafuta kasoko lake. Pande mbili hizo zilichukua muongo mzima kukutana. Mwaka 1991 Alan Hildebrand, pamoja na Penfield na Camargo na wengine, walichapisha ushahidi kutoka kwenye sampuli za visima vya Pemex: madini yaliyopasuliwa na mshtuko ambao volkeno haiwezi kuutoa. Kasoko la Chicxulub, upana wake takriban kilomita 180, limefunikwa na takriban kilomita moja ya mashapo, na lina umri wa miaka milioni 66. Mwamba ulioyeyuka kwa kishindo kile ulipoa wakati uga wa Dunia umegeuka, na hadi leo umebeba mwelekeo huo.

Angalia lakini ni nini kilimwambia Penfield. Hakikuwa kilele wala shimo. Miamba ya volkeno nayo hutoa vilele na mashimo. Kilikuwa umbo. Nguvu ya uga peke yake inaweza kuelezwa kwa miamba isiyohesabika, midogo iliyo karibu au mikubwa iliyo mbali, yenye magnetaiti nyingi au kumbukumbu kali. Duara la kilomita mia na ushee, au mamia ya mistari sambamba, ni vigumu zaidi kulieleza kwa njia nyingi. Ndiyo sababu msomaji mzoefu wa ramani hizi huanza kwa kutazama kingo, mikatiko na mipangilio, na namba anazirudia baadaye.

Hata umbo halitoshi kila mara. Karibu na Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, kuna hitilafu ya sumaku, yaani mahali ambapo uga unatofautiana na unaotarajiwa, kubwa kiasi kwamba satelaiti zilizo mamia ya kilomita juu huiona bila shida. Upana wake ni mamia ya kilomita. Wapo wanaosema ni alama ya kimondo cha zama za kale sana, wapo wanaosema ni mwamba mkubwa wa moto ulioingia kwenye gamba la Dunia kutoka chini. Kila upande una modeli inayolingana na namba. Iko karibu na ikweta ya sumaku, ni kubwa mno kuchimbwa ikaisha, na hakuna duara safi la kuwapatanisha.

Upande mwingine kuna mgodi wa Olympic Dam, Australia Kusini. Mwaka 1975 kampuni ya Western Mining ilichimba mahali ambapo hitilafu ya sumaku na ya mvutano zilikutana, katika nchi tambarare isiyoonyesha kitu. Nadharia yao ilikuwa kwamba chini kuna basalti iliyoachia shaba yake ikapanda kwenye mashapo ya juu. Baada ya takriban mita 350 za mashapo walipata shaba, na baadaye ikafahamika kuwa ni mojawapo ya hazina kubwa kabisa za shaba na urani duniani, ndani ya mwamba wa miaka bilioni 1.59. Basalti haikuwepo. Chuma kingi kilichoandamana na shaba ile kilikuwa hematiti, oksidi nyingine ya chuma ambayo usumaku wake ni hafifu, na chanzo cha hitilafu ya sumaku huaminika kuwa kiko chini zaidi ya mgodi wenyewe.